Mwanangu askari, binti yangu muuguzi: nani kamvunjia mwenzake mgomo?

"Nina watoto wawili Uingereza. Kifungua mimba ni msichana, muuguzi wa wadi ya upasuaji katika hospitali ya serikali. Mdogo wake wa kiume aliingia jeshi la huko kwa mlango ule wa nchi za Jumuiya ya Madola. Desemba 2022 wauguzi waligoma wakidai mishahara, na binti yangu akagoma nao tarehe 20. Kesho yake wakagoma wa ambulensi, na mwanangu akatolewa kambini akapewa ambulensi aendeshe. Tangu siku hiyo dada mtu hamsemeshi nduguye. Anasema amewauza wafanyakazi, tena kwa pesa. Nilimwambia mjumbe hauawi. Akanijibu kuwa mjumbe hubeba ujumbe, huyu kabeba kazi za watu. Mwanangu naye anasema dada yake ndiye aliyewaacha wagonjwa, na kwamba mgeni mwenye visa hana ruhusa ya kugoma. Je, mwanangu angeweza kukataa? Alilipwa zaidi? Binti yangu alivunja sheria? Wote wawili wanatarajia kuja likizo, nami nataka kujua mwenye makosa ni nani kabla hawajakanyaga mlangoni."

Mama, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikawia kwenye lile jibu la binti yako kuhusu mjumbe. Ni jibu kali, na lina ukweli ndani yake. Kwa hiyo sitakuambia kwamba hakuna ugomvi hapa, au kwamba watoto wameelewana vibaya tu. Ugomvi upo, ila hawakuuanzisha wao. Kila mmoja anamshitaki mwenzake kwa jambo ambalo hakulitenda.

Nianze na mwanao, maana mashitaka yake ndiyo mazito.

Askari hakujitolea kuendesha ambulensi ile. Mambo huanzia juu kabisa: wizara yenye mgomo, hapa ya afya, huiandikia Wizara ya Ulinzi kuomba msaada. Kwa utaratibu wao jeshi hutakiwa liwe kimbilio la mwisho. Muombaji aonyeshe kwamba haja ipo, kwamba njia nyingine zimejaribiwa au hazifai, na kwamba yeye mwenyewe hana watu wala vifaa vya kuifanya kazi hiyo kwa wakati. Mawaziri wakikubali, amri hushuka ngazi kwa ngazi hadi inafika kwa kijana aliyekuwa akifunga begi aende mapumziko ya Krismasi. Kijana huyo haulizwi kama anakubaliana na sababu za mgomo.

Na amri hiyo ni halali. Uingereza ina sheria ya mwaka 1964 ya mamlaka ya dharura, ambayo kifungu chake cha 2 kilizifanya za kudumu kanuni zilizotungwa mwaka 1939, vita vilipoanza. Kanuni hizo zinaruhusu askari wapangiwe kazi za shambani, au kazi nyingine yoyote ya haraka yenye umuhimu wa kitaifa. Ndiyo, kazi za shambani. Nchi ilikuwa ikihofia njaa. Kanuni ya kuvuna viazi wakati wa vita ndiyo hiyo hiyo iliyotumika miaka themanini na kitu baadaye kuziba mapengo ya mgomo. Anayekataa amri halali hushitakiwa chini ya kifungu cha 12 cha sheria ya majeshi ya mwaka 2006, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha miaka 10. Sisemi kila anayekataa hufungwa miaka yote hiyo. Nasema hapo hapakuwa na mlango wa "sitaki".

Kwa mwanao kuna kamba ya pili. Askari wa Jumuiya ya Madola huishi Uingereza kwa sababu yuko jeshini. Akishatumikia miaka 4 ndipo anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Mwingereza akitofautiana na mkubwa wake anahatarisha kazi. Mwanao angehatarisha kazi, makazi, na pengine ile pesa ya mwisho wa mwezi inayokufikia wewe.

Sasa pesa. Binti yako amesikia kitu cha kweli akakikuza. Serikali ilitangaza nyongeza ya pauni 20 kwa siku, kodi ikiwa imeshakatwa, kwa wanajeshi walioharibiwa Krismasi yao na kazi ya kuziba mgomo. Pauni 20 kwa siku ni kifuta jasho, mama, mtu hawezi kuuza wenzake kwa bei hiyo. Na kuna takwimu mbili ambazo ningetamani zingebandikwa kwenye kila jokofu la nyumba yenye ugomvi kama huu. Oktoba 2022 mfumuko wa bei Uingereza ulifika asilimia 11.1. Nyongeza ya mshahara wa askari mwaka huo ilikuwa asilimia 3.75. Wauguzi wengi walipewa nyongeza ya pauni 1,400 kwa mwaka, ambayo kwa muuguzi wa kawaida ilikuwa kama asilimia 4 hivi. Kwa maneno mengine, aliyetumwa kuziba pengo alikuwa amepunjwa sawasawa na aliyegoma, pengine zaidi kidogo. Tofauti yao ni kwamba mmoja ana ruhusa ya kulalamika barabarani akiwa na bango, na mwenzake hana.

Hilo la mwisho ndilo kiini cha jambo zima. Mwajiri ni mmoja, serikali. Ana wafanyakazi wenye sauti, yaani wanaoweza kupiga kura ya siri, kutoa notisi na kugoma. Ana wengine wasio na sauti: askari wa Uingereza haruhusiwi kugoma, na hata akiwa mwanachama wa chama cha kitaaluma hawezi kushiriki katika hatua zake za mgomo. Mwenye sauti anapoitumia, mwajiri huchukua ukimya wa yule mwingine akazibia masikio. Binti yako alihisi hivyo moyoni, akamlaumu aliyetumiwa badala ya aliyemtumia.

Hata wakubwa wa jeshi hawakufurahia. Mkuu wa Majeshi wa wakati ule, Admirali Tony Radakin, alisema hadharani Desemba hiyo hiyo kwamba jeshi lina kazi zake na wanajeshi si akiba ya kuchotwa kila panapopungua watu. Miaka 20 kabla yake, mwaka 2002, mtangulizi wake Michael Boyce alilalamika vilevile wakati wazima moto walipogoma wakidai pauni 30,000 kwa mwaka. Safari hiyo wanajeshi wapatao 19,000 walitengwa kwa kazi ya kuzima moto, vita vya Iraq vikiwa mlangoni. Walipewa magari ya kijani ya miaka ya 1950, yaliyoundwa kwa hofu ya vita vya nyuklia, ambayo yakikazwa sana hufika kama kilomita 70 kwa saa. Magari hayo hayo ndiyo yaliyotumika katika mgomo wa wazima moto ulioanza Novemba 1977, uliodumu wiki tisa hivi. Waingereza wenye umri wako wanayakumbuka vizuri. Walikuwa wakitoka nje kuyatazama yakipita, kama sisi tulivyotoka kutazama helikopta.

Mgomo ule wa 1977 unafundisha kitu. Wazima moto walidai asilimia 30. Askari walikaa kwenye magari yale wiki zote tisa, serikali haikusalimu amri, na wagomaji wakarudi kazini na asilimia 10. Ukiishia hapo utasema jeshi liliushinda mgomo. Lakini walirudi pia na kanuni ya kuufungamanisha mshahara wao na mishahara ya wafanyakazi wengine, na kanuni hiyo ikawalinda kwa miaka mingi iliyofuata. Askari walimnunulia mwajiri muda. Hawakumaliza hoja ya mshahara.

Turudi Desemba 2022, maana hapa mwanao naye anahitaji kurekebishwa. Anadhani yeye na wenzake walichukua nafasi ya wahudumu wa ambulensi. Hawakuichukua, na hawakuweza. Waliandaliwa madereva wa kijeshi wapatao 600, na wengine kama 150 wa kazi za usaidizi. Walipata mafunzo mafupi. Hawakutarajiwa kukimbiza gari kwa king'ora, kupita mwendo uliowekwa, wala kuvuka taa nyekundu. Mhudumu wa ambulensi husomea kumtibu mtu ambaye moyo wake umesimama huku gari likienda. Askari alipewa usukani. Kazi yake ilikuwa kupunguza mzigo, wagonjwa wasio mahututi wafikishwe, wataalamu waliobaki wapate nafasi ya kuwafikia waliozidiwa. Ni kazi ya maana. Asiione aibu, lakini pia asidhani ndiyo iliyookoa nchi.

Nani basi aliwahudumia waliozidiwa siku ile? Kwa sehemu kubwa ni wagomaji wenyewe. Watu wengi hawalijui hili, na mwanao ni mmoja wao. Vyama vya wafanyakazi vilikubaliana na waajiri kabla ya mgomo kwamba miito ya hatari kabisa, kama moyo kusimama, itaitikiwa. Kwa upande wa wauguzi, chama chao cha RCN kiliziacha nje ya mgomo huduma kama dawa za saratani za mishipani, usafishaji wa figo na vyumba vya wagonjwa mahututi, wakubwa kwa watoto. Si huruma peke yake. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1992 kuhusu vyama vya wafanyakazi ina kifungu cha 240 kinachomfanya mkosaji wa jinai mtu anayevunja mkataba wa kazi kwa makusudi akijua kwamba huenda akahatarisha maisha ya mtu. Muuguzi hawezi kuiacha sindano ikining'inia akatoka. Wadi ya upasuaji uliopangwa, anakofanya kazi binti yako, ndiyo aina ya mahali ambapo mgomo hugusa: operesheni inaahirishwa, mtu mwenye maumivu ya goti anasubiri zaidi. Kuahirishiwa huko kunaumiza, sikatai. Ila ni mbali na kuwaacha wagonjwa wafe.

Na alikuwa na haki kisheria? Mgomo ule ulipigiwa kura kwa posta. Katika Uingereza bara wakati ule, kura haikuhesabika kama waliopiga hawakufika nusu ya wanachama. Hayo yalikuwa masharti ya sheria ya 2016, na hospitali ambazo hazikufika nusu hazikugoma. Mwajiri akapewa notisi. Kilichobaki ni kupoteza mshahara wa siku hiyo, na binti yako aliupoteza. RCN ilikuwa na umri wa miaka 106 na haikuwahi kuitisha mgomo mkubwa kama huo. Watu wa taaluma hiyo hawagomi kwa mchezo.

Kuhusu visa, mwambie mwanao aache kumtisha dada yake. Ni kweli kwamba mwenye visa ya kazi akikaa bila mshahara kwa zaidi ya wiki 4 kwa mwaka, mwajiri aliyemdhamini anaweza kulazimika kuacha kumdhamini. Lakini siku za mgomo uliofuata sheria hazihesabiwi katika hizo wiki 4. Kanuni za uhamiaji zimezitoa. Nimekutana na wauguzi wa kwetu waliobaki kazini huku wakilia, si kwa kuupinga mgomo, bali kwa kuambiwa na mtu kwenye kundi la WhatsApp kwamba watarudishwa nyumbani.

Umeniuliza nani mwenye makosa. Sitaki kukwepa, kwa hiyo nitakuambia ninavyopima mimi, na watoto wako wana hiari ya kunipinga.

Kutuma askari kuziba mgomo kunaweza kuwa sawa. Shirika la Kazi Duniani, ambalo hutetea haki ya kugoma kuliko wengi, huhesabu kutumia jeshi kuvunja mgomo wa maslahi kuwa ni kuukiuka vibaya uhuru wa vyama, isipokuwa pale lengo linapokuwa kudumisha huduma ambazo watu hawaishi bila hizo, na hali yenyewe iwe nzito kweli. Ambulensi zinaingia humo. Mtu akianguka nyumbani kwake hapaswi kulala sakafuni kwa sababu mawaziri na vyama hawajaelewana. Kwa hiyo mwanao, katika kazi ile hasa aliyopewa, alisimama upande unaoteteeka.

Lakini wiki hiyo hiyo wanajeshi wengine walipelekwa viwanja vya ndege, Heathrow, Gatwick, Manchester na kwingineko, kukagua pasipoti, maana maafisa wa mpakani nao waligoma kuanzia tarehe 23. Hapo hoja yangu inalegea. Foleni ya pasipoti haiui mtu. Kwa bahati mbaya, kwa wagomaji, kazi hiyo ni rahisi zaidi kufundisha mgeni kuliko kutibu, na foleni hazikuwa mbaya kama ilivyohofiwa. Pale jeshi lilipunguza makali ya mgomo bila kuokoa roho yoyote. Kama mwanao angekuwa ametumwa huko, ningempa binti yako nusu ya kesi. Bado si dhidi ya nduguye, lakini ningempa.

Na kama jeshi limesaidia kumaliza huo mgomo wa afya, mimi sikuona. Kilichomaliza ni mazungumzo. Majira ya kuchipua 2023 serikali iliweka mezani asilimia 5 kwa mwaka uliofuata pamoja na malipo ya mara moja yasiyopungua pauni 1,655. Wanachama wa RCN waliyakataa, vyama vingine vingi vya afya vikayakubali, yakapitishwa Mei. Julai hiyo askari nao wakapata asilimia 5 na pauni 1,000 juu. Mshahara wa askari hupendekezwa na bodi yake, iliyopo tangu mwaka 1971, na bodi hiyo hutazama wenzao wa nje wanapata nini. Siwezi kukuchorea mstari ulionyooka kutoka bango la binti yako hadi mfuko wa mwanao. Lakini mtu asiye na ruhusa ya kugoma hunufaika mara nyingi na jasho la anayeweza, na hili ningependa mwanao alisikie kwako kabla ya kulisikia kwa dada yake, kwa sauti utakayoichagua wewe.

Wengine husema huku kwetu ingekuwa tofauti. Si sana. Katiba ya Kenya, ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, kisha ibara ya 24 inaruhusu sheria iwapunguzie haki hiyo wanajeshi na polisi. Ibara ya 241 inalitaka jeshi lisaidie mamlaka nyingine katika dharura na maafa, lakini likitumwa hivyo Bunge la Taifa lipewe taarifa. Kipengele hicho cha taarifa ni kizuri. Kinamlazimisha mwenye kutuma askari ajieleze mbele ya watu. Madaktari wetu walipogoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai utekelezaji wa mkataba uliosainiwa 2013, jibu halikupatikana kambini wala gerezani, ingawa viongozi wao walifungwa. Lilipatikana kwenye karatasi mpya ya makubaliano ya kurudi kazini.

Kuna mambo ambayo barua yangu haitoshi. Kama mwanao atapewa tena amri ya namna hii na nafsi ikamkatalia, asitangaze kwa wenzake wala mtandaoni. Amwone kwanza ofisa wake wa kikosi au kasisi wa kambi, ambaye si lazima awe wa dini yake, na kabla ya kukataa chochote azungumze uso kwa uso na wakili anayezijua kesi za kijeshi. Akiona ameonewa katika namna alivyotumwa, kwa mfano kunyimwa likizo yake bila fidia, ipo njia rasmi ya malalamiko ya askari, na ina muda wake wa kuwasilisha, asikawie. Binti yako, kama mwajiri atamwandikia barua yenye neno "visa" na neno "mgomo" katika ukurasa mmoja, aichukue siku hiyo hiyo kwa mwakilishi wa chama chake, kisha kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Asiende kwa rafiki anayejua mambo. Sheria za migomo huko zimebadilishwa mara kadhaa tangu 2022, kwa hiyo hata haya niliyoandika ayahakiki kabla ya kuyategemea kwa mgomo mpya.

Hiyo ya nyumbani haihitaji wakili. Usiwaite kikao na wazee siku ya kwanza. Watajitetea kama mahakamani. Wakishakula na kupumzika, muulize mwanao mbele ya dada yake: siku ile ulimbeba nani? Askari wengi hawajawahi kuulizwa hivyo. Kisha muulize binti yako wagonjwa wa wadi yake walimwambia nini alipowaaga usiku wa kuamkia mgomo. Wewe teka chai, nyamaza.